Sauti imeachana na midomo, picha ina meno: kuhamisha DVD za familia kwenda faili za video

SWALI: Nina DVD kama 40 za harusi, mahafali na sherehe nyingine za familia, zilizorekodiwa kati ya mwaka 2004 na 2012. Nataka ziwe faili za kawaida za video. Nilitumia VLC, ile sehemu yake ya kugeuza. Faili zilitoka, lakini sauti inazidi kuachana na midomo kadiri video inavyoendelea, na mtu akitembea anaonekana na mistari kama meno ya kitana. Diski moja inakwama kwenye asilimia 37 kila nikijaribu. Nikahamia HandBrake, programu nyingine ya kugeuza video, nayo inasema haioni chochote ndani ya diski mbili. Nifanyeje? Sitaki programu ya kulipia.

JIBU: Hutahitaji kulipa chochote. Ila kabla ya kugusa mpangilio wowote, badilisha utaratibu wako, kwa sababu sehemu kubwa ya matatizo haya inatokana na kufanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja. Kusoma diski ni kazi moja, kugeuza video ni kazi nyingine. Ukizichanganya, kila draivu inaposita kwenye mkwaruzo, programu ya kugeuza hukosa vipande vya picha au sauti, na pengo hilo linaingia moja kwa moja kwenye faili yako. VLC imeundwa kwanza kwa ajili ya kutazama. Ikikuta sehemu isiyosomeka inairuka na kusonga mbele, jambo ambalo ni zuri kwa mtazamaji aliye sebuleni lakini ni hasara kwa mtu anayetunza kumbukumbu.

Kwa hiyo kwanza toa nakala kamili ya diski, uiweke kwenye kompyuta, kisha ugeuze kutoka kwenye nakala hiyo. Diski ya safu moja hubeba gigabaiti 4.7, hivyo DVD 40 zilizojaa hazivuki gigabaiti 188. Tenga nafasi ya gigabaiti 200 na utulie.

Kwa diski nzima isiyo na mikwaruzo, njia rahisi ni kuifungua kama unavyofungua flashi na kunakili folda ya VIDEO_TS (ndimo video ya DVD inamokaa) yote kama ilivyo. Ukipenda faili moja ya ISO, yaani nakala ya diski yote ndani ya faili moja, kwenye Windows tumia ImgBurn, uchague "Create image file from disc". Kwenye Mac, Disk Utility inatengeneza faili ya aina ya CDR ambayo kwa kazi yetu ni sawa na ISO. Diski nzima huchukua kama robo saa. Ikizidi nusu saa, au ukisikia draivu inaongeza na kupunguza kasi mara kwa mara, hiyo si diski nzima tena, ipeleke kwenye njia ifuatayo.

Diski ya asilimia 37

DVD husomwa kutoka katikati kwenda nje. Data huanza milimita 24 kutoka katikati ya diski na huishia karibu milimita 58. Kama diski yako imejaa, asilimia 37 inaangukia takriban milimita 40 kutoka katikati. Chukua rula, pima, kisha igeuze diski kwenye mwanga uitazame hapo. Mara nyingi utakuta alama ya kidole, tone lililokauka, au mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski. Mkwaruzo wa namna hiyo ndio mbaya zaidi, kwa sababu unaharibu data iliyofuatana kwa urefu kuliko uwezo wa mfumo wa kusahihisha makosa. Ule unaokata kutoka katikati kwenda nje hugusa kipande kidogo tu kwenye kila mzunguko, na draivu huweza kukisahihisha. Ndiyo maana diski hufutwa kwa mistari iliyonyooka, kutoka katikati kwenda ukingoni, na haifutwi kwa kuzungusha. Tumia kitambaa laini kisicho na vumbi, na kama kuna mafuta ya vidole, maji na tone la sabuni ya vyombo. Dawa ya meno na vimumunyisho vya rangi viache kabisa.

Baada ya kuisafisha, tumia ddrescue. Ni programu huria ya GNU, na kwenye Linux ya jamii ya Debian au Ubuntu kifurushi chake kinaitwa gddrescue, ingawa amri yenyewe ni ddrescue. Kama huna Linux, andaa flashi ya kuwashia Ubuntu uitumie bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta yako, ila hakikisha nakala unaihifadhi kwenye diski ya nje, kwa kuwa kila kilichobaki ndani ya mfumo huo wa muda hupotea ukizima. Funga programu yoyote inayoicheza DVD, kisha andika:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hapo inachukua kila kinachosomeka kwa urahisi na kuacha pabaya bila kupasumbua. Namba 2048 ni ukubwa, kwa baiti, wa sekta moja ya DVD, yaani kipande kimoja kidogo cha data. Ikimaliza, rudi kwenye sehemu ngumu:

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 harusi.iso harusi.map

Hii inajaribu kila sekta iliyogoma mara tatu zaidi, na inaweza kuchukua saa kadhaa. Iache. Mpangilio wa majina ni muhimu: kwanza draivu, kisha nakala, kisha ramani. Faili ya ramani usiifute kamwe kabla kazi haijaisha, maana ndiyo inayokumbuka kipi kimeshapatikana na kipi bado. Na hapa ndipo penye faida kubwa ambayo wengi hawaijui: toa diski hiyo, iweke kwenye draivu nyingine, hata ya kompyuta nyingine, beba ISO na ramani yake, kisha rudia amri ya pili. Draivu mbili hazisomi sawa. Sekta zilizoshindikana kwa ya kwanza mara nyingi hupatikana kwa ya pili, na ddrescue itajaza mapengo tu bila kuanza upya.

Zikibaki sekta chache zisizosomeka, usikate tamaa. Data ya DVD husahihishwa kwa mafungu ya sekta 16, yaani kilobaiti 32. Kwa video ya megabiti 5 kwa sekunde, fungu moja ni kama sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Athari inayoonekana huwa ndefu kidogo, kwa sababu fremu (picha mojamoja) za MPEG-2, mfumo wa kubana video unaotumika kwenye DVD, hutegemeana, lakini kundi moja la fremu kwenye DVD ni takriban nusu sekunde, na kundi linalofuata huanza na fremu iliyo kamili. Utaona picha ikivunjika vipande kidogo kisha inarudi. Sherehe ya saa mbili yenye dosari ya nusu sekunde imeokolewa.

Diski mbili ambazo HandBrake haizioni

Zifungue kwa kivinjari cha faili, uangalie kilichomo, maana jibu linategemea unachokiona.

Ukiona diski ni tupu, au Windows inakuuliza kama unataka kuiformati, kataa. Kuna uwezekano mkubwa haikufungwa rasmi na mashine iliyoirekodi. Igeuze uitazame upande wa chini: sehemu iliyoandikwa ina rangi tofauti kidogo na isiyoandikwa, na kama kuna duara la rangi hiyo, video yako ipo. Rekoda nyingi za mezani, na kamera zilizotumia diski ndogo, zilihitaji mtumiaji aagize "Finalize" mwishoni, na wengi hawakuagiza. Dawa ni kuirudisha kwenye rekoda ileile, au ya aina ileile, ukaifunge huko. Tafuta mashine hiyo kwa ndugu kabla hujahangaika na jambo lingine.

Ukiona folda iitwayo DVD_RTAV yenye faili VR_MOVIE.VRO, hiyo si DVD ya kawaida. Imerekodiwa kwa mfumo wa DVD-VR. Nakili faili ya VRO kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa jina uwe .mpg, kisha uifungue kwenye HandBrake kama faili ya kawaida. Ndani yake ni MPEG-2 ileile. Rekodi zote zitakuwa zimeungana kwenye faili moja, hivyo utalazimika kuzikata baadaye.

Ukiona VIDEO_TS imejaa faili lakini HandBrake bado inagoma, mshuku IFO. Faili za VOB zina picha na sauti, na za IFO zina ramani inayosema kipi kinaanzia wapi. Kila IFO ina pacha wake wa BUP, nakala kamili iliyowekwa kwa ajili ya siku kama hii. Kwenye folda uliyonakili (kwenye diski yenyewe huwezi kubadilisha kitu), futa VTS_01_0.IFO, nakili VTS_01_0.BUP na uipe nakala hiyo jina VTS_01_0.IFO. Fanya vivyo hivyo kwa VIDEO_TS.IFO. Kisha kwenye HandBrake chagua folda ya VIDEO_TS nzima. Ikigoma tena, MakeMKV huwa na subira zaidi kwa diski zenye ramani mbovu, na kwa DVD haina malipo. Inatoa video ilivyo, bila kuibana upya, ndani ya faili ya MKV ambayo HandBrake itaifungua bila shida. Kwa chaguo lake la msingi huruka vipande vifupi kuliko sekunde 120, hivyo punguza namba hiyo kama una klipu fupi.

Diski za filamu za dukani ni suala jingine. Nyingi zina kufuli liitwalo CSS, HandBrake peke yake hailiwezi, na sheria kuhusu kulifungua hutofautiana kati ya nchi na nchi. DVD zilizorekodiwa nyumbani kwa kawaida hazina kufuli hilo.

Kosa moja linafanana na haya na linawapata wengi: kufungua VOB mojamoja. VOB haivuki gigabaiti moja, kwa hiyo sherehe ndefu hukatwa vipande popote pale, hata katikati ya neno. Ukizigeuza mojamoja na kuziunganisha baadaye, sauti itaruka kwenye kila kiungo. Mpe HandBrake ISO au folda nzima, nayo itafuata ramani ya IFO. Kisha kwenye orodha ya "Title" chagua kipande kirefu kuliko vyote. Watengenezaji wa video za harusi hupenda kuweka utangulizi mfupi kama kipande cha kwanza, na mtu akiugeuza huo hudhani diski imeharibika.

Meno ya kitana

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ubora wa video zako utakapopatikana au kupotea.

Kamera nyingi za wakati ule hazikupiga fremu nzima kwa mara moja. Zilipiga nusu picha mara 50 kwa sekunde (karibu 60 kwenye NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani na Japani): kwanza mistari ya 1, 3, 5 na kuendelea, kisha, sehemu moja ya hamsini ya sekunde baadaye, mistari ya 2, 4, 6. Televisheni za chogo zilionyesha nusu hizo kwa zamu, jicho likaona mwendo laini. Kompyuta huzifuma pamoja kuwa fremu moja. Mtu akiwa amesimama huoni kitu, lakini akitembea, nusu ya pili inamkuta ameshasogea, na kingo zake zinatoa meno. VLC haifumui mistari hiyo wakati wa kugeuza usipoiagiza, na meno yakishabanwa ndani ya faili mpya huwa vigumu sana kuyatoa. Faili ulizokwisha kutengeneza zitupe, utengeneze upya kutoka kwenye nakala.

Kwenye HandBrake, kwanza tazama ukubwa wa video. Ikiwa 720×576, chagua mpangilio "Fast 576p25". Ikiwa 720×480, chagua "Fast 480p30". Mipangilio hiyo inakuja na kichujio cha "Decomb", kinachofumua fremu zile tu inazoziona na meno. Kinatosha kwa filamu, lakini kinatupa nusu ya mwendo uliorekodiwa na kamera. Kwa picha za kamera ya video nashauri hivi: nenda "Filters", weka "Interlace Detection" kuwa "Off" ili kila fremu ifumuliwe, "Deinterlace" iwe "Bwdif" (kwenye matoleo ya zamani "Yadif"), na chaguo lake liwe "Bob". Kisha nenda "Video" uweke idadi ya fremu kuwa 50 kwa 576 au 59.94 kwa 480, na uchague "Constant Framerate". Ukisahau kubadilisha namba ya fremu, HandBrake itazitupa nusu ulizotoka kuzifumua, na kazi yote itakuwa bure. Ngoma na watu wanaocheza vitaonekana kama vilivyokuwa kwenye televisheni ya zamani, bila kudundadunda.

Ubora uweke RF 19 (RF ni kipimo cha ubora ndani ya HandBrake). Kwa video za ukubwa huu kiwango kinachofaa ni kati ya 18 na 22, na namba ndogo ndiyo yenye ubora zaidi. Chini ya 18 faili inavimba bila macho kuona tofauti. Kodeki, yaani njia ya kubana video, iwe H.264, faili iwe MP4, sauti AAC: mchanganyiko huo unachezwa na karibu kila simu na televisheni. H.265 hupunguza ukubwa, ila televisheni nyingi za zamani haziijui. Na usiongeze ukubwa kufika 1080. Maelezo ambayo kamera haikuyanasa hayatazaliwa na kompyuta, utapata tu faili kubwa zaidi yenye ukungu uleule.

Sura za watu zikitoka nyembamba au zimebanwa, angalia "Dimensions". Pikseli za DVD si mraba. Fremu ya 720×576 huonyeshwa kama 768×576 kwa picha ya 4:3, au 1024×576 kwa picha pana ya 16:9. "Anamorphic" ikiwa "Automatic", HandBrake inaandika uwiano sahihi yenyewe.

Usigeuze saa mbili nzima ili kujaribu. Pale kwenye "Range" chagua "Seconds", weka 600 hadi 660, ukapata dakika moja ya majaribio. Chagua sehemu yenye watu wanaocheza na mtu anayezungumza karibu na kamera, ili uone meno na midomo kwa pamoja.

Sauti

Aina ya kuachana ndiyo inayotaja chanzo. Ikiwa sauti inaruka ghafla mahali fulani na kubaki hivyo, kuna data iliyopotea hapo, au VOB ziliunganishwa kwa mkono. Rudi kwenye nakala, dawa haipo kwenye mipangilio ya sauti. Ikiwa inaachana polepole kadiri muda unavyokwenda, kama ulivyoeleza, mshuku kugeuza moja kwa moja kutoka kwenye diski, au fremu zisizo na kasi moja, jambo linalosumbua hasa ukishapeleka faili kwenye programu ya kuhariri. ISO pamoja na "Constant Framerate" kwa kawaida huondoa yote mawili.

Ikiwa imechelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo ndiyo rahisi kuliko zote na haihitaji kugeuza upya. Fungua faili kwenye VLC ya Windows au Linux, bonyeza J mara kwa mara kuivuta sauti mbele (K inaichelewesha), kila mbonyezo ni milisekunde 50, mpaka midomo ikubaliane. Tuseme imesoma −400. Kisha tumia FFmpeg, programu ya bure ya kushughulikia video kwa amri za kuandika:

ffmpeg -i harusi.mp4 -itsoffset -0.4 -i harusi.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy harusi_sawa.mp4

Faili inafunguliwa mara mbili: picha inachukuliwa kwenye ya kwanza, sauti kwenye ya pili iliyosogezwa. Kwa kuwa "-c copy" haibani chochote upya, kazi huisha kwa sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo.

Ukishapata mpangilio unaokuridhisha, uhifadhi kwa jina lako kwenye HandBrake, fungua ISO mojamoja, na kila moja uibonyeze "Add to Queue". Foleni hiyo iache ifanye kazi usiku. Kama utazihamisha kwa flashi na faili ikakataa kuingia ingawa nafasi ipo, flashi hiyo imeformatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Iformati kwa exFAT, baada ya kutoa kilichomo.

Na ISO usizifute baada ya kupata MP4. Ndizo picha halisi jinsi zilivyorekodiwa, wakati MP4 ni nakala iliyobanwa kwa ajili ya kutazama. Ziweke kwenye diski mbili tofauti za nje, kila moja kwa jina lenye mwaka na tukio, kwa mfano 2006_harusi_diski1.iso. Katika mpango wa kazi, anza na zile zilizobandikwa karatasi juu na zile zinazoonyesha madoa upande wa chini, pamoja na hiyo ya asilimia 37. Zilizo nzima zinaweza kusubiri wiki nyingine.